Mganga tumemwona, mtoto yuko wapi?

Nimelala na hasira baada ya kuangalia filamu ya mwaka 1932 ya MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, kuhusu jumba la kifalme la Urusi na Rasputin, yule mkulima wa Siberia aliyeaminiwa kuwa mganga. Lionel Barrymore kaigiza mganga vizuri mno, sikatai. Ila adui kapewa ndevu, macho na uovu wote, na maradhi ya mtoto wa mfalme yamekuwa mlango tu wa kumwingizia ndani.

Mimi nataka kukaa kitandani kwa yule mtoto. Alexei, mwana pekee wa mfalme, alizaliwa Agosti 1904, baada ya mabinti wanne, na damu yake haikuganda. Hemofilia. Oktoba 1912, wakiwa Spala huko Poland, damu ilimvujia kwa ndani, akalia kwa maumivu siku baada ya siku mpaka padri akaitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Madaktari wa mfalme walikuwepo na hawakuwa na dawa, kwa sababu dawa yenyewe haikuwepo duniani. Ndipo ikafika telegramu ya Rasputin kutoka Siberia: mtoto hatakufa, madaktari wasimsumbue mno. Damu ikakoma. Ungekuwa wewe malkia Alexandra, mama yake, ungemfukuza mtu huyo?

Dada yangu ana mtoto mwenye selimundu. Usiku mmoja maumivu ya mifupa yalimshika, zahanati tuliyoikimbilia haikuwa na dawa, na alfajiri dada akaniambia tumpeleke kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto. Nikaanza kumpa somo. Akanitazama tu: "Kaka, unataka nikae nimwangalie?" Nilimbeba mtoto mwenyewe, tukaenda. Tangu siku hiyo siwezi kumcheka mama anayebisha hodi kwa mganga.

Ndiyo, Rasputin aliitumia vibaya nafasi ile. Mfalme alipokwenda vitani mwaka 1915, aliingiza mkono hadi kwenye uteuzi wa mawaziri. Lakini watu wangeelewaje, wakati ikulu iliuficha ugonjwa? Walichokiona ni mkulima wa Siberia anaingia na kutoka kwa malkia, wakajaza wenyewe yaliyobaki. Siri ndiyo iliyomchafua yule mama kabla ya mtu yeyote kushika kamera. Watengeneza filamu wa 1932 hawakuwa na udhuru huo, maana ugonjwa ulikuwa umeshajulikana.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Irina Yusupova, mke wa mmoja wa waliomuua Rasputin, aliona filamu ile imemvunjia heshima, akaishtaki kampuni London. Mwaka 1934 akashinda, akapewa pauni 25,000. Lile tangazo la kwamba wahusika wote ni wa kubuni, tulilozoea kuliona kwenye filamu, lilienea kutokana na kesi yake. Alistahili, naye alikuwa hai, ana wakili. Alexandra angeshtaki vipi? Waliuawa wote Yekaterinburg, Julai 1918, yeye, mumewe na watoto watano.

Usiku ule Alexei alikuwa na miaka 13 na hakuweza kutembea. Baba yake alimbeba mikononi kushuka naye ngazi hadi chumba cha chini, kikaletwa kiti akalie. Nipeni filamu inayoanzia kwenye mikono hiyo, nitaiangalia hata mara kumi.