Bomba la gesi Goma: njia fupi si lazima iwe rahisi

Gesi ya Ziwa Kivu ikitajwa, watu wa Goma huuliza itafika lini jikoni. Wana haki. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unageuza methani hiyo kuwa megawati 26 za umeme, sisi bado tunapikia makala, yaani makaa ya miti. Mabomba ya majumbani hayajachimbiwa hapa, kwa hiyo njia yake tubishanie sasa.

Mtu akishika ramani, kwanza atachora bomba kuu moja sambamba na ufuko, toka magharibi hadi mpakani, lenye matawi ya kupanda mitaani. Hoja yake ni nzito. Kituo kimoja cha kusafisha gesi ni nafuu kuliko viwili, na kila mtaro hapa unapasuliwa katika mwamba wa lava. Aliyewahi kuchimba choo Goma anajua.

Wanaotaka mitandao midogo, kila mmoja na chanzo chake ziwani, huambiwa ni waoga wanaotapanya pesa. Naona hawajasikilizwa. Volkano ya Nyiragongo iko kaskazini, ziwa liko kusini, na lava hushuka kufuata mteremko huo. Januari 2002 ilipita katikati ya mji, mtaa wa Birere ukiwemo, mpaka majini. Bomba linalokwenda mashariki na magharibi limelala katikati ya njia ya lava. Likikatwa mahali pamoja, nusu ya mji inazimika. Mei 2021 lava haikufika hata katikati ya mji, lakini iliharibu tangi na mabomba ya maji upande wa Buhene, na watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Hayo yalikuwa maji. Mwaka 2002 kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava ya moto kililipuka siku chache baadaye, kikaua makumi ya watu.

Watasema vali za kujifunga zipo. Zipo, na lazima ziwekwe. Vali huzuia moto usienee. Hairudishi gesi kwa aliye ng'ambo ya lava.

Hesabu inayonisumbua ni hii: bomba la plastiki ya polietilini hutengenezwa lidumu miaka kama 50. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, mara tatu ndani ya miaka 44. Anayepiga bei ya bomba kuu apige pia bei ya kulichimbia tena, juu ya lava mpya ambayo ndani yake hubaki na joto kwa miezi. Akishaijumlisha hiyo, unafuu wa kituo kimoja unapungua sana.

Ningeanza magharibi ya mkondo wa lava wa 2002, mitaa ya Himbi na Keshero. Mashariki ipate kituo chake pesa zikipatikana, bila bomba la kuvuka Birere. Najua Himbi ina wenye nacho, na Birere itasema imeachwa tena. Kwa sababu hiyo tawi la kwanza lisiishie kwenye nyumba za ufukoni. Lipande mpaka Ndosho, ambako gunia la makala linaumiza zaidi.