Heliamu iko ughaibuni, anga liko Mbarara

Wanafizikia wetu wa Uganda wanaohitimu Kampala na Mbarara huuliza waende kusomea uzamivu Marekani au Ujerumani. Mimi nadhani swali la kwanza liwe hili: utafiti huo ukirudi nao nyumbani, utaufanyia wapi?

Njia zenyewe zinajulikana. Marekani hupokea wenye shahada ya kwanza kwenye uzamivu: kozi za miaka miwili hivi, mtihani wa kufuzu, kisha utafiti, jumla miaka 5 au 6. Ujerumani kwa kawaida hutaka uzamili kwanza. Shahada yetu ya miaka 3 hukwama kwenye baadhi ya vyuo vinavyotaka miaka 4. Diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia huko Trieste, Italia, husaidia kuziba pengo hilo.

Huku ughaibuni kuna posho, majarida yote, na umeme usiokatika ovyo. Kuna pia heliamu ya majimaji ya kupoozea mashine za utafiti, nyuzi 4.2 za kelvini. Hapo ndipo mtego ulipo. Heliamu huchemka taratibu hata ndani ya tangi zuri, na bila mtambo wa kuikusanya na kuigeuza tena majimaji, hela nayo inapaa hewani. Ukibobea kwenye mashine inayohitaji heliamu hiyo, nyumbani utabaki kufundisha nadharia tu.

Ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye elektroni huru, ni habari nyingine. Mbarara kuna kipokezi cha GPS, MBAR, na data zake za kila sekunde 30 hupakuliwa bure. Setilaiti hutuma mawimbi ya megahezi 1575.42 na 1227.60, elektroni za angani huyachelewesha kwa viwango tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hukupa idadi yao. Elektroni 10¹⁶ kwa mita mraba huongeza kama sentimita 16 kwenye umbali unaopimwa kwa wimbi la kwanza.

Wengi huharibikiwa hapa: husahau kuondoa hitilafu ya kipokezi na ya setilaiti (ucheleweshaji unaotoka kwenye vifaa vyenyewe), wanapata elektroni chini ya sifuri alfajiri, halafu wanailaumu programu. Wengine hufunga antena karibu na paa la mabati, mawimbi yakadunda na kufika mara mbili. Tupa setilaiti zilizo chini ya nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, na antena ipande juu ya paa.

Kwa hiyo ukimwandikia profesa wa huku, acha sifa ndefu. Mpe grafu ya MBAR ya usiku mmoja wa Machi, kuanzia saa mbili hadi saa sita, mapovu ya plazima, yaani sehemu za ayonosfia zenye elektroni chache, yanapotikisa mawimbi. Kwenye anga la Ujerumani haoni hayo.