Rafu na mtoano Australia: adhabu inamlipa nani?

Kila Agosti, AFL, ligi kuu ya futiboli ya Kiaustralia, ikibakiza raundi mbili tatu, mashabiki wa Melbourne, Adelaide na Perth wanakuwa na ubishi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kikokotoo: nani anaingia mtoano, na kwa nafasi ipi. Wa pili ni wa kamati ya nidhamu: nani kamuumiza nani, na atafungiwa mechi ngapi. Wengi wanabishania idadi ya mechi. Kwa maoni yangu kasoro kubwa iko kwingine: adhabu ya ligi hii haiwafidii walioumiziwa mtu wao. Anayefaidika nayo ni mpinzani anayefuata kwenye ratiba.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: uwanja na mpira vyote vina umbo la yai, kila upande una watu 18 uwanjani, goli ni pointi 6, na mpira ukipita kando ya milingoti ya kati ni pointi 1. Kikumbo cha bega ni halali kama mpira uko ndani ya mita 5, ila kikifika kichwani ni kosa. Na hakuna kadi nyekundu. Hilo la mwisho tutalirudia.

Tuanze na kikokotoo, kwa sababu ndicho kinachoipa rafu bei yake. Ushindi ni pointi 4, sare 2, na timu zikilingana huamuliwa kwa asilimia: pointi ulizofunga gawanya kwa ulizofungwa, zidisha mara 100. Timu iliyofunga 2000 na kufungwa 1900 ina asilimia 105.3. Ikishinda mechi moja 110 kwa 50 inapanda hadi 108.2. Kipigo cha jioni moja, asilimia tatu. Mwaka 2022 Carlton walikosa nafasi ya nane mbele ya Western Bulldogs kwa tofauti isiyofika asilimia moja, wote wakiwa na ushindi 12.

Hadi 2025 timu nane ndizo zilizoingia mtoano. Majina ya hatua zao yanachanganya, kwa hiyo hapa nitasema wiki ya kwanza, wiki ya pili, nusu fainali na fainali. Wiki ya kwanza wa 1 hucheza na wa 4, wa 2 na wa 3. Anayeshinda hapo anapumzika hadi nusu fainali, anayeshindwa ana nafasi nyingine wiki ya pili. Wa 5 hucheza na wa 8, wa 6 na wa 7, na huko anayeshindwa msimu wake umekwisha. Kuanzia 2026 umeongezwa mlango wa nyuma: wa 7 na wa 10, wa 8 na wa 9 wanachujana kwanza, huku sita wa juu wakipumzika.

Kwa hiyo mechi moja ya kufungiwa haina bei moja. Mchezaji wa timu ya pili akikosa wiki ya kwanza na timu ikapigwa, bado anaweza kurudi. Wa timu ya sita akikosa mechi hiyo hiyo, anaweza asicheze tena hadi msimu mpya wa Machi. Ndiyo maana wapo wanaotaka mechi ya mtoano ihesabiwe kama mbili wakati wa kukata adhabu. Siwaungi mkono. Ukianza kupima thamani ya mechi, utalazimika kumpa wa timu ya sita adhabu nyepesi kuliko wa timu ya pili kwa kosa lile lile, na hapo umeacha kuhukumu kitendo, unahukumu msimamo wa ligi.

Sasa jedwali la makosa. Ofisa wa ligi anayepitia matukio huuliza mambo matatu. Je, ni uzembe au makusudi? Nguvu ya mgongano ni ndogo, ya kati, kubwa au kali mno? Umegusa kichwa au mwili? Kwa uzembe unaofika kichwani, nguvu ndogo ni faini, ya kati mechi 1, kubwa mechi 2, na kali mno inapelekwa moja kwa moja kwenye kamati, kuanzia mechi 3. Swali la pili ndilo lenye vita. Nguvu ya mgongano haipimwi kwa chombo. Hutazamwa picha, uwezekano wa kitendo kuleta madhara, na zaidi ripoti ya daktari wa klabu ya aliyeumia. Wawili wakipiga kikumbo kile kile, mmoja akamkuta mtu aliyeinuka wima na mwingine akamkuta mtu akiteleza, huyu wa pili ndiye atakayefungiwa.

Wanaotetea mfumo huo wana hoja nzito: ukichagua kupiga kikumbo badala ya kukaba kwa mikono, basi umebeba na matokeo yake. Wanaoupinga wanasema hiyo ni bahati nasibu yenye mavazi ya sheria.

Tukio lililowagawa kuliko yote ni la 7 Septemba 2023, uwanja wa MCG (Melbourne Cricket Ground), wiki ya kwanza ya mtoano kati ya Collingwood na Melbourne. Brayden Maynard wa Collingwood aliruka mbele ili azibe teke la Angus Brayshaw. Mpira ukapita. Maynard yuko hewani, hana breki. Akageuza mwili na bega likamkuta Brayshaw kichwani, naye akazimia. Ilikuwa robo ya kwanza ya mechi. Collingwood walishinda kwa pointi 7. Jumanne iliyofuata kamati ilimwachia Maynard, baada ya kusikiliza hata mtaalamu wa biomekaniki, elimu ya mwendo wa mwili, juu ya kile ambacho mtu anaweza kukiamua akiwa tayari hewani. Baadaye mwezi huo akavaa medali ya ubingwa. Brayshaw alistaafu Februari 2024 kwa ushauri wa madaktari, hakucheza tena.

Ukiisoma kesi hiyo kwa sheria ya siku ile, uamuzi ulikuwa sahihi. Kuziba teke ni kitendo cha kawaida cha mchezo, na makosa yote yalitokea baada ya miguu kuacha ardhi. Ligi yenyewe iliona pengo, maana kwa msimu wa 2024 iliandika upya mwongozo: anayechagua kuruka ili kuziba mpira akamgonga mtu kichwani, kwa kawaida atahesabiwa mzembe. Yaani swali limehamishwa kutoka hewani hadi ardhini: kwa nini uliruka ukielekea kwenye mwili wa mtu? Hilo ni swali zuri zaidi. Lakini angalia hata jibu lingekuwa jingine, Melbourne wangepata nini. Maynard angefungiwa, na ambao wangecheza na Collingwood pungufu ni wapinzani wa nusu fainali, si wao.

Dan Houston wa Port Adelaide anaonyesha jambo hilo hilo kwa namna ya wazi zaidi. Agosti 2024, katika derby ya Adelaide, alimpiga kikumbo Izak Rankine wa Adelaide akamwachia mtikisiko wa ubongo, na kamati ikampa mechi 5. Mtoano wote ukampita. Adelaide hawakuwa hata kwenye mtoano. Faida ilikwenda kwa Geelong, waliowafunga Port kwa pointi 84 wiki ya kwanza, na kwa Sydney kwenye nusu fainali.

Hapo ndipo kadi nyekundu inapoingia. Shabiki wa soka wa Dar au Mombasa hushangaa akisikia kwamba mtu anaweza kumzimisha mwenzake robo ya kwanza kisha acheze hadi kipenga cha mwisho. Ligi nyingi za mitaani huko huko Australia zinatoa watu nje. Mimi naona iwepo hata ligi kuu, ila kwa mapigo ya makusudi tu: ngumi, kiwiko nje ya mpira. Kwa vikumbo hapana, na Maynard ndiye sababu. Usiku ule angetolewa, Collingwood wangecheza pungufu robo tatu, na Jumanne kamati ingesema hana hatia. Kosa la refa halina rufaa inayorudisha mechi.

Kuna pengo jingine ambalo halizungumzwi sana. Adhabu huhesabiwa kwa mechi, mtikisiko wa ubongo huhesabiwa kwa siku, angalau 12 kabla ya kurudi. Mchezaji wa timu ya juu akiumia wiki ya kwanza timu ikashinda, ana kama wiki mbili hadi nusu fainali, anaweza kuwahi. Akiumia nusu fainali, fainali imemkosa. Aliyemuumiza naye, akihesabiwa uzembe wa nguvu ndogo, analipa faini na anacheza. Katika juma la fainali, presha kwa daktari wa klabu ni kubwa, na ripoti ya daktari ndiyo inayojaza jedwali. Si jambo la kufikirika: mwaka 2023 Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, aligongana kichwa na mwenzake akarudi uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili, na klabu ikapigwa faini ya dola 100,000 za Australia.

Je, nyota mmoja akikosekana matumaini yanakwisha kweli? Rekodi haiwapi mashabiki haki moja kwa moja. Patrick Cripps wa Carlton alipewa mechi 2 Agosti 2022, bodi ya rufaa ikamwachia Alhamisi usiku kwa kasoro ya kisheria katika uendeshaji wa kesi. Alicheza mechi mbili za mwisho, Carlton wakapoteza zote, ya kwanza kwa pointi 5 na ya pili kwa pointi 1. Toby Greene wa GWS Giants alifungiwa nusu fainali ya 2019. Wenzake wakashinda kwa pointi 4 bila yeye, kisha akarudi kwenye fainali wakafungwa kwa 89.

Upande wa pili kuna Steve Johnson, naye wa Giants, mwaka 2016. Kikumbo kimoja kwa Josh Kennedy wa Sydney wiki ya kwanza kilimpa mechi moja, na kwa kuwa timu ilishinda ikapumzika, mechi hiyo ikaangukia nusu fainali. Bulldogs, waliomaliza wa saba, walipita kwa pointi 6, wiki iliyofuata wakachukua ubingwa. Pointi 6 ni goli moja, na Johnson alikuwa mfungaji.