Chuo Kipo Nyegezi, Mtoto Anapanda Basi la Dar

Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya kidato cha nne kila Januari, simu za Mwanza hazitulii. Kapata divisheni ngapi? Aliyefaulu vizuri anasubiri kupangiwa kidato cha tano, na hakuna anayemuuliza anataka kufanya kazi gani. Wa divisheni four anasemewa "basi mtafutieni chuo", kwa sauti ya watu wanaomtafutia mgonjwa dawa. Na chuo chenyewe kinatafutwa Dar es Salaam, kwa mjomba.

Ugomvi wangu uko hapo kwenye Dar. Basi analipandia stendi ya Nyegezi, hapa hapa Mwanza, na Nyegezi hiyo hiyo ina kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ziwa likiwa mlangoni. Ukishika barabara ya Shinyanga unafika Misungwi, ambako Ukiriguru pana chuo cha kilimo jirani na kituo cha utafiti wa pamba. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ina kampasi hapa Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi, na sisi Kanda ya Ziwa ng'ombe hatujawahi kuazima kwa mtu. VETA, ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo. CBE (elimu ya biashara) na TIA (uhasibu) nao wamefungua matawi. Sasa mtoto wa Igoma anafuata nini Ubungo?

Naona chuo cha kwanza kufikiriwa kiwe kile ambacho mtoto anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa daladala. Kodi ya chumba haipo, chakula ni kile kile cha nyumbani. Halafu kazi anayosomea anaiona ikifanyika. Anayesoma ukuzaji wa samaki anavikuta vizimba ziwani. Anayesoma uchomeleaji anajua kwamba MV Mwanza, meli ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliundwa hapa hapa Bandari ya Mwanza Kusini. Huyo akimaliza anawajua mafundi kwa majina, na mafundi wanamjua. Wa Dar anarudi na cheti halafu anaanza kujitambulisha.

Na ukaribu wenyewe umeongezeka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa ng'ambo ya Sengerema hana tena haja ya kupanga ratiba yake kwa kufuata kivuko.

Najua jibu la wazazi wengi: kidato cha tano serikalini hakina ada tangu 2022, chuo kinadai ada. Kweli, na mtoto anayetaka udaktari na ana alama za sayansi, mwacheni aende kidato cha tano bila mjadala. Lakini tuhesabu miaka. Kidato cha tano na sita ni miwili, shahada ya kawaida mitatu: mitano. Stashahada kwa kawaida ni mitatu, na akipata GPA (wastani wa alama zake) ya 3.0 mlango wa chuo kikuu unafunguka, mitatu mingine: sita. Tofauti ni mwaka mmoja. Ila fedha zikikatika katikati, na sote tunajua zinavyokatika, wa stashahada ana fani mkononi, wakati wa kidato cha sita ana cheti cha kuombea nafasi ya kusoma tena. Isitoshe, kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa za kipaumbele. Ulizeni kama fani yenu imo kabla hamjauza ng'ombe.

Kwa aliyekosa hata zile D nne za kuingilia cheti (somo la dini halihesabiwi), kuna VETA, na kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hivi vya mwisho tunavidharau bila sababu. Vilianzishwa 1975 enzi za Mwalimu, kwa mfano wa Sweden, na leo viko 54 nchi nzima. Vimekuwa vikipokea hata wasichana waliokatisha shule kwa ujauzito, na baadhi vina mahali pa kuwalelea watoto mama zao wakiwa darasani. Sengerema kipo kimoja.

Vyuo vya karibu si vyote vya maana, lakini. Kuna vya vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, bango kubwa, karakana hakuna. Angalia kama kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, halafu nenda mwenyewe siku ya kazi uombe kuona wanafunzi wakifanya mazoezi. Ukizungushwa, ondoka.

Kingine kinachonikera kiko majumbani mwetu. Mwanachuo anayelala nyumbani hahesabiwi kuwa yuko masomoni. Kijana anaambiwa akae dukani "kidogo tu" mpaka saa nne usiku. Binti ndiye hasa: achote maji, apike, aogeshe wadogo zake, ndipo afungue daftari, na muhula ukiisha tunasema chuo kimemshinda. Mwenzake aliyeko Dar hatumwi na mtu. Kwa hiyo ratiba ya chuo ibandikwe ukutani, na shangazi akija kukaa mwezi mzima aelezwe hivyo hivyo. Kama kwenu hilo haliwezekani, mtafuteni hosteli hapa hapa mjini, Jumapili aje kula nyumbani.