Mtoto asome siasa, lakini shamba lisiuzwe

Matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka na vijana wakaanza kuchagua kozi, hapa Malindi kozi inayoleta vita nyumbani ni sayansi ya siasa. Mtoto anaitaka kwa moyo wake wote, baba anauliza itamlisha vipi, mama yuko katikati hajui amshike nani. Mimi msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaokasirika: mtoto asome, lakini shamba lisiuzwe kwa ajili ya ada.

Tuanze na hesabu maana hapo ndipo wengi wanapotea. Tangu 2023 ada za vyuo vya umma zimekuwa zikipangwa kwa bendi kulingana na hali ya familia, serikali inatoa ufadhili, HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, inatoa mkopo, kinachobaki ni cha mzazi. Sasa mzazi anaangalia kile kilichobaki tu anasema ah hii tutaiweza, kumbe chumba na chakula havimo. Tuseme mtoto yuko Nairobi na anatumia elfu kumi na tano kwa mwezi, chumba, chakula na nauli, kwa miezi tisa ya masomo hiyo ni 135,000, kwa miaka minne ni 540,000, na bado hajanunua laptopu wala hajapanda basi kuja nyumbani Idi. Na miaka minne hiyo mwenzake aliyebaki anaendesha tuktuk au yuko hotelini anapata chochote kila siku, kwa hivyo kile ambacho mtoto wako hakukipata nacho ni gharama hata kama hakina risiti.

Halafu ile fomu ya kuomba ufadhili, jamani, musiijaze saiba, pale duka la intaneti, kwa haraka! Kijana wa saiba ana foleni nyuma yako, anabonyeza tu, nyumba ya makuti inakuwa ya mawe, kibarua cha baba kinakuwa biashara, na bendi inakuja kubwa, yaani mzazi unalipa zaidi. Kaa naye umsomee jibu moja moja.

Mkopo wenyewe wa HELB siuogopi. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani ukidaiwa 240,000 riba ya mwaka ni 9,600. Kinachoua ni faini. Sheria inataka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, ukinyamaza faini ni 5,000 kila mwezi, hiyo ni 60,000 kwa mwaka, zaidi ya mara sita ya riba. Na aliyesoma siasa ndiye hasa ambaye mwaka wa kwanza huenda bado anazunguka na bahasha, maana kozi yake haina mlango mmoja wa ajira kama uuguzi au ualimu. Kwa hivyo ajue mapema, na asijifiche simu zikipigwa.

Mama mmoja wa Barani aliniuliza, "Mwanangu, huyu akimaliza si atakuwa MCA, mjumbe wa bunge la kaunti?" Nikamwambia mamangu, uchaguzi hautaki digrii hiyo. Sheria inamtaka gavana awe na digrii lakini haisemi ya nini, na kwa MCA Mahakama Kuu ililitupa sharti la digrii mwaka 2021. Kinachotakiwa pale ni watu na pesa.

Lakini msiniambie haina kazi, hapo nakataa kabisa. Angalia Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kwa ujenzi wa ile bandari mpya ya Lamu, na 2019 tribunali ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Lamu kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hayo hayaji kwa kupiga kelele peke yake, kuna watu walikaa na makaratasi wakayasoma ukurasa kwa ukurasa. Pwani yetu inawahitaji watu hao mno, bajeti za kaunti zinapita kila mwaka na ukumbini wanaouliza swali lenye namba ni wachache wallahi. Tatizo ni kwamba kuhitajiwa si kulipwa, na mzazi analipa ada kwa pesa, halipi kwa mahitaji ya jamii.

Ndiyo maana namwambia kila kijana anayeitaka kozi hii asikimbie takwimu. Ajifunze kukusanya data kwa simu na kuichambua, aombe atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, bunge la kaunti mapema, na kama ni mtoto wa Malindi na Kiitaliano cha watalii anakibabaisha tayari basi akinyooshe kabisa. Mashirika yanaajiri mtu anayeweza kuandika ripoti ikaeleweka, ile digrii peke yake wanazo wengi.

Na shamba? Shule zinafunguliwa, mnunuzi anajua una shida, mashamba mengi ya huku hata hati hayana, kwa hivyo bei anaipanga yeye. Minazi ya babu inakwenda kwa pesa ya mihula miwili halafu muhula wa tatu hakuna cha kuuza. Kwa hiyo kama amekosa nafasi ya serikali na njia iliyobaki ni ada kamili ya chuo cha kibinafsi kwa kuuza ardhi, mimi nasema hapana. Achukue diploma ya utawala chuo cha karibu, aanze kazi, digrii aifuate baadaye kwa mshahara wake mwenyewe.