Mchungaji tumemzika vizuri, sasa zamu zake anachukua nani?

Tangu tumzike mchungaji wetu hapa Mwanza, kila Jumapili nasikia pendekezo jipya la namna ya kumuenzi. Wengine wanataka kaburi liwekwe vigae na picha yake, wengine wanataka ukumbi mpya upewe jina lake, kwaya inarekodi wimbo, na kwenye grupu la WhatsApp watu wanajadili rangi ya tisheti za kumbukumbu ya mwaka mmoja. Sipingi, mama mchungaji na watoto wakiona kaburi lina heshima watafarijika. Ila kwa upande wangu naona mtu aliyetumika vile anaenziwa kwanza kwa sisi tuliobaki kugawana zile kazi alizokuwa anafanya, na nyingi kati ya hizo washirika wengi walikuja kuzisikia msibani.

Jina lake sitaliandika, familia bado wana majonzi na mwenyewe hakupenda kutajwatajwa.

Tuanze na Bugando. Ile ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya ziwa, wagonjwa wanatoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga, kwahiyo siku yoyote ukipanda pale utakuta mtu katoka Ukerewe kaleta mgonjwa na mjini hana ndugu hata mmoja, hela ya kula imeisha, simu haina chaji, anauguza peke yake na hajui kesho itakuaje. Mchungaji alikuwa anapanda kile kilima kila Alhamisi na chupa ya uji, sabuni, na kandambili za kugawa, na wala hakuwa anatafuta washirika wake tu, anapita kitanda hadi kitanda anauliza nani hapa hana mtu. Muislamu, Mkatoliki, asiye na dini, hilo hakuuliza. Anayetaka maombi anaombewa, anayehitaji kufuliwa anafuliwa, nimemwona kwa macho yangu mzee mzima amekunja mikono ya shati anafua kanga za mama ambaye hata walikuwa hawafahamiani. Na mgonjwa akifariki yeye ndo anapiga simu kijijini, yeye ndo anahangaika na gari la kusafirisha mwili, familia ikiwa haina uwezo anashuka mwaloni Kirumba anazunguka kwa wafanyabiashara wa dagaa na sangara anaomba mchango, na walikuwa wanampa maana walishamjua.

Kwa wavuvi nako alikuwa na utaratibu wake. Mtu wa dagaa anavua usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa vizuri kukiwa na giza, mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala na watu wako kambini wanashona nyavu. Basi yeye hakuwalaumu kwamba hawaonekani kanisani Jumapili, alikuwa anaangalia mwezi. Ukikaribia kujaa anachukua begi lake anavuka ziwa kwenda kambini, anakaa nao siku kadhaa kwenye mabanda, analala kwenye mkeka kama wao, anakula ugali na furu, ibada inafanyika hata Jumanne. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa, wachungaji wengi walienda wiki ile ya msiba na yeye akiwemo, lakini yeye alirudi tena na tena baada ya hapo, kwasababu alisema mjane anaanza kulia vizuri wageni wakishaondoka.

Na hii ya Bibi lazima niiseme. Kabla hajaletwa mjini alihudumu huko ndani Usukumani, miaka ile ambayo vikongwe walikuwa wanauawa kwa mapanga kisa macho mekundu, eti ni wachawi, wakati kila mtu aliyekulia kule anajua yale macho ni moshi wa jikoni, mama kapikia samadi na mabua ya pamba maisha yake yote. Mtoto wa jirani akafariki, mganga akataja mlango wa bibi mmoja. Mchungaji akabeba kiti chake akaenda kukaa kwenye uwanja wa yule bibi mchana kweupe, akala kwenye chungu chake watu wakimwangalia, akalala pale na mke wake siku nyingi tu. Mama mchungaji ndo alitusimulia, mzee mwenyewe hakuwahi kulihubiri. Yule bibi alikuja kufa kwa uzee wake, kitandani kwake.

Sasa msibani nikasikia sana neno "alikuwa na karama ya kipekee." Jamani, kuhubiri inaweza kuwa karama, kuimba karama, lakini kubeba chupa ya uji kupanda Bugando ni kuamua tu. Tukishasema karama tumejitoa wenyewe kwenye kazi, tumemwachia marehemu. Kwenye Yohana 13 Yesu alivyomaliza kuwaosha miguu wanafunzi wake hakuwaambia wamsifu, aliwaambia na wao waoshane.

Kuna la mama mchungaji pia. Anaishi nyumba ya kanisa, mchungaji mpya akifika anatakiwa apishe, na kiwanja chao cha Kisesa nyumba imeishia kwenye lenta miaka mingi kwasababu kila mzee akipata hela anakutana na mgonjwa. Sisi tuliokuwa tunashangilia moyo wake wa kutoa tulikuwa tunaiona ile nyumba haina bati na tunapita! Mzee hakuwa na pensheni, aliishi kwa posho ya sadaka, wakati NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ipo, mchango ni asilimia 20 ya mshahara mwajiri na mfanyakazi wanagawana, na hata aliyejiajiri anaruhusiwa kujiandikisha. Kanisa linalonunua spika mpya linashindwaje hilo?

Kwahiyo kwenye kikao cha wazee nitasimama na nitasema wazi, hela iliyochangwa ya vigae iende kwenye bati za Kisesa kwanza, kaburi lisubiri, na mchungaji anayekuja aandikishwe NSSF mwezi wake wa kwanza. Najua kuna watakaonuna, lakini mama mchungaji hawezi kulala kwenye kaburi la vigae.

Alhamisi za Bugando kina mama wa Mabatini wameshazishika, wamegawana wiki, uji unapikwa kwa zamu, wanachoomba ni sabuni na kandambili tu. Kwa wavuvi bado hatujapata mtu. Anatakiwa anayejua kuogelea, asiyechagua chakula, na ambaye bosi wake atamruhusu kuondoka katikati ya wiki mwezi ukijaa. Kama ni wewe, mwone katibu Jumapili baada ya ibada.