Lain, Alice na namba ya Mjomba Kariakoo

Mpwa wangu ndiye aliyeniletea Serial Experiments Lain, na yeye mwenyewe aliletewa na wimbo. Aliusikia TikTok, ule wa ufunguzi unaoimbwa kwa Kiingereza na bendi ya Uingereza iitwayo Bôa, akaufukua mpaka akagundua ni wa anime, yaani katuni ya Kijapani, iliyorushwa Japani mwaka 1998, yeye hajazaliwa. "Mamdogo, kaa tuangalie, sehemu zenyewe kumi na tatu tu." Tulizimaliza kwa siku nne. Tangu siku ya tano hatujaelewana.

Nitamwaga mtama humu ndani, mpaka mwisho wa hadithi. Ambaye hajaitazama na hataki kujua, basi tukutane siku nyingine.

Ukisoma wanachosema watazamaji utakuta kambi mbili zimenuniana. Wa kwanza wanasema inachosha: msichana anatembea, nyaya za umeme zinaunguruma, kivuli chenye madoa mekundu kinalala ukutani, dakika ishirini na kitu zimekwisha na hakuna aliyepigwa hata kofi. Siwalaumu. Hata mimi sehemu ya pili nilisinzia kidogo. Kambi ya pili ni ya walioiabudu. Hao wamechora michoro ya kueleza Protokali ya 7 (kanuni za kuendeshea mtandao wa kwenye hadithi), mtetemo wa Schumann (mawimbi ya asili ya dunia) na uungu wa Masami Eiri, adui wa hadithi, na ukiwaambia hukuelewa wanakutazama kwa huruma. Mpwa wangu yuko huko, tena kiti cha mbele.

Mimi sipo kwa hawa wala kwa wale. Naona wote wamepotezwa na mitambo. Kwangu hii ni hadithi ya umbea, na ya rafiki mmoja aliyekataa kusahau.

Turudi nyuma kidogo. Lain Iwakura ni binti wa miaka kumi na minne, mpole kupita kiasi, anayelala amevaa nguo yenye sura ya dubu. Shuleni kwao binti mwingine, Chisa, amejiua. Baada ya mazishi wanafunzi wanaanza kupokea baruapepe kutoka kwa Chisa. Lain anawasha kompyuta yake kuukuu (wao wanaiita NAVI), naye anakuta ya kwake: Chisa anamwambia ameacha mwili tu, mwenyewe yupo, yumo ndani ya mtandao. Mtandao huo wanauita Wired. Lain anamwomba baba NAVI mpya, baba anafurahi kweli, maana ndicho kitu pekee anachojua kuzungumza na watoto wake, na kutoka hapo chumba cha binti kinaanza kujaa mashine. Wiki kwa wiki zinaongezeka, mirija ya kupoza inavuja, sakafu inageuka bwawa. Mama yupo jikoni, hasemi kitu. Nyumba ile ilinitisha kuliko chochote kilichomo ndani ya Wired.

Hiyo baruapepe ya Chisa, watu wengi wanaisoma kama jambo la kutisha la sinema. Mimi nilikumbuka kundi letu la WhatsApp la ukoo. Mjomba alifariki mwanzoni mwa mwaka. Hakuna aliyethubutu kumtoa kundini, ungeanzaje? Picha yake ya kanzu nyeupe ikabaki pale, na shangazi mmoja akawa anamtumia salamu za Ijumaa kama kawaida. Miezi ikapita. Asubuhi moja tukaamka na maandishi madogo ya kijivu katikati ya skrini: Mjomba Kariakoo ameondoka. Kompyuta tu imefanya kazi yake, namba haikutumika muda mrefu. Lakini lile neno! Shangazi akaandika, "Sasa huyu ameondoka mara ngapi?" Hatukujua tucheke au tulie, tukafanya vyote viwili.

Kwa hiyo mtu akiniambia Lain ni ndoto za Wajapani zisizo na kichwa wala miguu, namwona kama hajawahi kufiwa na mtu mwenye simu.

Sasa sehemu ya nane. Lain ana rafiki mmoja wa kweli, Alice, na Alice ana siri: anampenda mwalimu wake, kimoyomoyo, na anachowaza akiwa peke yake chumbani hakimhusu mtu. Siri hiyo inavuja. Shule nzima inajua kwa mkupuo mmoja, na aliyeimwaga ni Lain. Si huyu mpole tunayemjua, ni Lain mwingine aliyezaliwa ndani ya Wired, mwenye ulimi na tabasamu la shari. Tunamwona Alice akijua kwamba wanajua. Hakuna muziki wa kuhuzunisha wala kamera inayokimbia. Ni uso tu wa msichana unaobadilika.

Nani kati yetu hajaiona skrinshoti ikizunguka? Unaandika kitu usiku kwa mtu mmoja, asubuhi kimefika kwa watu ambao hata namba yako hawana, na aliyekituma anaapa kwa mama yake mzazi kuwa si yeye. Zamani umbea ulikuwa na mguu: ulitoka barazani, ukapita kisimani, ukachelewa njiani. Ungeweza hata kuukimbilia mbele ukaukana. Waliotengeneza Lain waliliona hili mwaka ule ule ambao kampuni ya Google ilikuwa ndiyo kwanza inaandikishwa. Hakukuwa na simu za kupangusa wala vitufe vya kupenda na kusambaza. Nawavulia kofia kwa hilo tu, achilia mbali uungu wa Eiri.

Yasuyuki Ueda, mtayarishaji wa mfululizo huu, aliwahi kueleza kwamba alitaka Wajapani na Wamarekani waitazame Lain wakaielewe tofauti kabisa, wagombane. Alikusudia vita vya kitamaduni. Kilichotokea ni kwamba pande zote mbili ziliielewa karibu sawa, naye akavunjika moyo. Nilipomsomea mpwa wangu habari hii alicheka mpaka akakohoa. Angekuja sebuleni kwetu angeipata vita yake, tena bila kupanda ndege ya Marekani. Tuko damu moja na tumekalia kochi moja.

Ugomvi wetu unaanzia sehemu ya tisa. Mpwa anaipenda kupita zote. Ndiyo iliyojaa picha halisi na maelezo juu ya Roswell (mji wa Marekani wenye visa vya viumbe wa anga za mbali), mhandisi Vannevar Bush, pomboo wa mtafiti John C. Lilly na mambo ya Ted Nelson, mwanafikra wa kompyuta. Kwake hapo ndipo hadithi inapopata uti wa mgongo. Kwangu hapo mwandishi, Chiaki J. Konaka, ameacha kusimulia akaanza kutuonyesha maktaba yake. Nisingekosa kitu kama ingekuwa nusu. Na huyu Eiri mwenyewe, mfanyakazi wa kampuni aliyejipachika ndani ya protokali, akafa, halafu akajitangaza mungu wa Wired, ananichosha. Tunawajua watu wa namna hiyo, hukosi mmoja kila kundi: ni wale wanaoomba wafanywe wasimamizi na wakishafanywa hawanyamazi.

"Lakini Mamdogo, bila Eiri hakuna adui."

"Adui wa nini? Yule mtoto adui yake ni upweke."

"Upweke haupigani."

Hapo nilikosa jibu, nakiri. Ila sehemu ya kumi na mbili ilinijibia. Lain amekwisha kuwafuta watu kumbukumbu ya ule umbea, kila mtu shuleni anacheka kama hakuna lililotokea, isipokuwa Alice. Yeye amebaki anakumbuka. Anakwenda nyumbani kwa Lain, anapita kwenye nyumba iliyokufa, anaingia chumba cha nyaya na kumkuta rafiki yake amezongwa kama mdudu kwenye utando. Lain anamweleza kwa utulivu kwamba mwili hauna haja. Alice hajui nadharia yoyote. Anachofanya ni kuuchukua mkono wa Lain na kuuweka kifuani kwake, ausikie moyo unavyodunda. Unadunda mbio kwa sababu binti wa watu anaogopa. Basi. Michoro yote ya Protokali ya 7 imeangushwa na kiganja kimoja.

Mpwa alisema hapo ni "hisia tu". Nikamwambia angojee akue.

Mwisho wenyewe umegawa watazamaji zaidi. Lain anajifuta. Hakuna anayemkumbuka, baba wala dada wala Alice, na kwa mantiki ya hadithi hii asiyekumbukwa hakuwahi kuwepo. Wako wanaosema ni ushindi, amekuwa kama malaika yupo kila mahali. Mimi nililia. Mtoto wa miaka kumi na minne ameona dawa ya matatizo ya wenzake ni yeye kutokuwepo, halafu tunapiga makofi?

Lakini kuna ile daraja ya watembea kwa miguu. Miaka imepita, Alice ni mtu mzima, yuko na mwanamume, anamwona Lain ambaye hajazeeka hata siku moja. Anamwuliza kama wamewahi kuonana. Lain anasema hapana. Mpwa wangu anashikilia kuwa kumbukumbu imefutika kabisa na Alice anauliza kwa adabu tu. Mimi nasema mtu hamsimamishi asiyemjua darajani kwa adabu. Tumeirudisha nyuma mara tatu kumtazama macho, bando likakata, bado tunabishana.

Usiku ule, kabla ya kulala, nilifungua jina la Mjomba Kariakoo kwenye simu. Sijalifuta. Namba amekwisha kupewa mtu mwingine. Kwenye picha sasa kuna kijana wa miwani myeusi ameegemea bajaji. Alikuwa hewani.